Miaka ya "Kwa Sasa"

Mazungumzo na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Dar es Salaam, Jumamosi alasiri

Mwenyekiti, mlezi wa jumuiya, wadogo zangu mliojaa hapa: naomba itifaki ihesabike kuwa imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo tutafika magharibi, na nimesikia bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, limeingia jana, kwa hiyo kila mtu ana mahali anapotaka kuwahi.

Aliyenialika alitaka nizungumzie mafanikio baada ya chuo. Nilimjibu kwamba kwa hilo amtafute mwingine, wapo wengi na wana slaidi nzuri. Mimi ninachokijua ni kile kipindi kisichopigwa picha, kinachoanza siku unarudisha joho la kukodi na kuisha siku ambayo huwezi kuitaja, maana haina sherehe. Kwangu kilichukua miaka minne na ushee. Kwa wenzangu kadhaa niliomaliza nao Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2010 hakijaisha hadi leo, na tunakaribia arobaini.

Nakiita miaka ya kwa sasa. Kutana na mhitimu wa mwaka juzi pale Mwenge au stendi ya Simu 2000, msalimie, mwulize yuko wapi siku hizi. "Kwa sasa nipo Dar." Anafanya nini? "Kwa sasa najishikiza sehemu." Na yule shemeji yetu wa chuoni? "Tupo, tunajipanga." Sikilizeni hayo maneno. Anayejishikiza ni mtu anayening'inia. Anayejipanga bado hajaanza. Na hiyo "kwa sasa", kwa Kiswahili chetu cha mtaani, maana yake ni usiniulize zaidi. Niliyasema maneno hayo kwa miaka, nikiwa na shahada ya sosholojia, fani ambayo kazi yake yote ni kuwauliza watu zaidi.

Baba yangu hakuyaelewa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Korogwe. Alimaliza chuo cha ualimu miaka ya sabini, na barua ya kupangiwa kituo ilimkuta kabla hajafunga sanduku. Kwake kumaliza chuo na kuanza kazi ni tendo moja, kama kuvuta pumzi na kuitoa. Kila Jumapili alinipigia simu: "Bado hawajawapangia?" Nilijaribu kumweleza kwamba siku hizi hakuna anayepanga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nendeni mkaulize. Huenda majina yenu yamesahaulika."

Msimcheke. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kumi na nne hawajazi hata Hiace. Nchi nzima ilikuwa inawasubiri mlangoni. Wangezurura saa ngapi? Miaka mitano baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana hadi Ikulu kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa lazima na kukatwa mshahara katika kipindi hicho. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu husimulia kisa hiki kuonyesha ukali wa Mwalimu. Mimi huwa nakisoma upande wa pili: vijana waligombea mshahara ambao hata hawajaanza kuupokea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka kwamba upo. Leo ninawajua wenye digrii wanaohangaika waingie JKT kwa kujitolea, wakitumaini kwamba mlango wa jeshi au polisi utafunguka kutokea huko.

Lipo na jingine ambalo wengi wenu nadhani hamkuambiwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikataza mtu kutoka kidato cha sita na kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ulipitia JKT, ukafanya kazi si chini ya miaka miwili, halafu mwajiri wako na tawi la chama wakueleze wewe ni mtu wa namna gani, ndipo ukaombe nafasi. Yaani kazi ilitangulia, chuo kikafuata. Mtu aliingia darasani akiwa ameshawahi kugombezwa na bosi, kulipa kodi ya chumba, pengine ana mtoto. Alipomaliza alirudi mahali anapofahamika. Utaratibu ule ulilalamikiwa sana, ukalegezwa, mwishowe ukaachwa, na sisemi urudi. Nasema tu kwamba wazazi na walezi wetu hawakupita kwenye hili daraja. Wanapokuuliza "umeshapata kazi?" wanauliza swali la nchi nyingine, ndiyo maana kila jibu lako linawafikia kama kisingizio.

Miaka ya tisini Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, huku milango ya vyuo ikifunguka, vya binafsi na vya umma. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, peke yake, kilichoanzishwa 2007, ni mji. Matokeo mnayajua. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70, wakaja zaidi ya elfu kumi, ikabidi wakusanyikie Uwanja wa Taifa. Mdogo wangu wa kike alikuwemo. Aliniambia kitu pekee alichokumbuka ni kwamba amekaa jukwaa zuri kuliko lile alilokaaga siku ya Simba na Yanga. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, walikuwa na nafasi 1,596 na waombaji zaidi ya laki moja.

Kwa hiyo sitasimama hapa niwaambie mjiajiri. Nimewahi kuwasikia watu wenye mshahara wa Serikali, gari la Serikali na dereva wa Serikali wakiwahimiza vijana wajiajiri, na kila mara natamani kuuliza wao walianza lini. Kujiajiri ni kazi kama kazi nyingine, ina mtaji wake na ufundi wake, na haijawahi kuwa adhabu ya kumpa mtu aliyekosa ajira.

Ninachotaka kukisema ni kidogo kuliko hicho. Tangu darasa la kwanza kuna mtu aliyekuwa anakubandikia ratiba ukutani. Darasa la saba, kidato cha nne, cha sita, kambi, semista, UE ile mitihani ya mwisho wa semista, sapu ya kurudia mtihani kwa wenye bahati mbaya. Hata kufeli kulikuwa na tarehe yake. Siku ya mwisho ya chuo anayebandika ratiba anaondoka, wala hakuagi. Unabaki unautazama ukuta. Na kwa kuwa umezoea kwamba mambo yako yanaanza pale yanapotangazwa, unaamini kwamba maisha nayo bado hayajaanza, kuna tangazo linakuja. Kumbe siku zinahesabika.

Mimi nilihamia kwa mjomba, Kimara. Juni 2011 nikapata sehemu ya kujitolea, shirika moja ambalo silitaji, na mliosoma sosholojia mnajua zipo za namna ile nyingi. Niliandika ripoti, zikasainiwa na wengine. Niliongoza vikao vya vijiji, posho zikasainiwa na wengine pia. Nilipewa nauli, shilingi laki moja kwa mwezi, kwa miezi ile ambayo ilitoka. Sikuwa mfanyakazi, lakini nikichelewa niliulizwa. Sikuwa mgeni, lakini siku ya picha ya ofisi nilipewa kamera nipige. Hali ile inafanana sana na uchumba usio na posa: barua haijaenda kwenu, ila chakula unatakiwa uwe umeshapika.

Na huo uchumba nao nilikuwa nao. Wakati wote huo nilikuwa na mwenzangu, kijana wa kiume wa darasa letu. Tulianza chuoni, mwaka wa pili, foleni ya kutoa kopi. Tulipomaliza yeye akauza laini za simu, kisha akawa dalali wa magari yaliyotumika, kisha akarudi kwenye laini. Mnajua jinsi watu wa rika letu wanavyoanza kukaa pamoja Dar? Wakubwa wanadhani ni mapenzi yaliyokosa adabu. Mara nyingi ni kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba chetu kilikuwa elfu hamsini kwa mwezi. Piga mara sita, laki tatu, ongeza elfu hamsini ya dalali. Mimi peke yangu sina. Yeye peke yake hana. Tukiunganisha tunazo, na inabaki ya godoro. Hakuna aliyemwambia mwenzake "njoo tuishi". Kuna aliyesema, "Sasa si tuchange?" Mwezi wa tatu 2011 tukahamia. Mjomba nilimwambia nimepata chumba na rafiki yangu wa kike, naye akajifanya ameamini. Watu wazima wana heshima zao.

Wadogo zangu wa kike wananiangalia, wa kiume wanaangalia simu. Subirini, nawafikia.

Tuliishi vizuri, niseme ukweli. Alikuwa anajua kupika ndizi kuliko mimi. Jioni tulikaa barazani na majirani, wakaniita wifi, wakamwita shemeji. Mama mwenye nyumba akawa ananiachia funguo. Tukawa watu wa kuchangia harusi za wenzetu: kadi ikija inaandikwa Bwana na Bibi fulani, tunacheka, tunachanga. Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya harusi ya rafiki yangu, miezi minne ya vikao, najua bei ya ukumbi, ya keki na ya mapambo, najua mpaka nani ameahidi na hajatoa. Kwangu mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza hata tarehe. Ningeuliza nini? Kwa sasa tulikuwa tunajipanga.

Halafu ikaja sensa.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 2012 ndio ulikuwa usiku wa kuhesabiwa. Karani alitufikia siku mbili tatu baadaye, mama wa makamo, mwalimu wa shule ya jirani, amechoka kwa jua. Tukampa kiti, wenyewe tukakaa kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja. Akafungua dodoso.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Tukaangaliana. Risiti ya kodi ilikuwa na jina langu, yeye ni mwanaume, na hela ilikuwa nusu kwa nusu. Nikasema ni yeye. Yeye kwa wakati huohuo akasema ni mimi.

Mama akavumilia. Akamwandika mwenzangu. Akanigeukia: "Uhusiano wako na mkuu wa kaya?"

Mwenzangu akajibu kwa niaba yangu: "Andika rafiki."

"Rafiki hamna humu, mwanangu."

Akasoma zilizopo: mke, mtoto, mzazi, ndugu mwingine, asiye ndugu. Alipofika hali ya ndoa akapunguza sauti, nadhani kwa ajili ya majirani, akaniambia ipo ya wanaoishi pamoja, niichukue hiyo. Akaja kwenye kazi. Nikamwambia najitolea. Akauliza kama nalipwa. Nikasema napewa nauli. Kalamu ikabaki hewani. Hakuwa na ubaya wowote yule mama, alikuwa na kaya nyingine hamsini za kumaliza, lakini aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nimalize chuo: "Sasa niandike nini?"

Sikumbuki aliandika nini. Nakumbuka alipotoka tulikaa kimya, mwenzangu akawasha redio.

Nilipata usingizi alfajiri. Na mimi nikiwa na jambo huwa nalisomea, kwa hiyo wiki iliyofuata, kompyuta ya ofisi ikiwa haina mtu, nikaanza kutafuta sheria zinasemaje kuhusu mtu kama mimi. Niwape nilichokiona, kwa sababu ndicho kitu cha manufaa kuliko vyote nitakavyosema leo, na kwa sababu kuna wanasheria humu watanisahihisha.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo watu wanawachukulia kama mume na mke, mahakama itaanza na dhana kwamba hao ni wanandoa. Ni dhana tu, inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Lakini hata ikikanushwa, mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto. Nikahesabu kwa vidole: Machi 2011, Machi 2012... tumebakiza miezi saba. Wale majirani wanaoniita wifi, ambao mimi nilidhani wananitania, kumbe ni mashahidi. Sisi wawili hatujaamua chochote, na sheria iko nyuma yetu inahesabu.

Upande wa kazi nako hivyohivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi: cheo, mahali, muda, malipo. Na ile kinga dhidi ya kuachishwa kazi bila haki haimfikii mtu aliyefanya kazi na mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi sita. Kwa hiyo kuna tofauti kati ya mwezi wa tano na wa saba. Mimi nilikuwa mwezi wa kumi na nne na sikujua hata kama ninahesabiwa upande wa wafanyakazi.

Nikamfuata mkuu wangu. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika kwenye daftari. Nikamwambia naomba barua inayoeleza mimi ni nani hapa na hadi lini. Alishangaa kwa dhati kabisa. Akaniambia: "Lakini wewe hapa ni kama mtoto wa nyumbani. Barua ya nini tena?"

Mkisikia sentensi hiyo mahali mnapofanya kazi, anzeni kutafuta viatu. Mtoto wa nyumbani halipwi.

Sikuondoka siku hiyo, sina ujasiri wa kwenye simulizi. Niliondoka Oktoba, baada ya kupata kibarua kingine. Kwenye duka la stesheneri karibu na chuo, watafiti walikuwa wanaacha mahojiano waliyorekodi vijijini ili mtu ayasikilize na kuyaandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti ilinila saa sita, nyingine saba kama mzee anaongea huku anatafuna. Kilikuwa kibarua cha kuumiza mgongo, na ndicho kitu cha kwanza tangu 2010 kilichokuwa na mwanzo, mwisho na bei. Nikamaliza, nikalipwa, nikapewa kingine. Mmoja wa wale watafiti akapenda nilivyoandika, akanichukua fildi, Kilosa kwanza, kisha Rufiji. Hiyo ilikuwa bahati, na ilikuwa koneksheni, msije mkasema niliwaambia ni juhudi peke yake. Mkataba wangu wa kwanza wenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, nilisaini Februari 2015. Bodi ya Mikopo ikanipata, ikaanza kunikata asilimia 8, na sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2016 ikapanda hadi 15. Wenzangu walilalamika. Mimi siri yangu ni kwamba ule mwezi wa kwanza nilifurahi kukatwa. Mtu anayekukata walau anajua ulipo.

Sasa nyumbani.

Swali nilimwuliza usiku, umeme umekatika, nadhani nisingeweza kukiwa na mwanga. Nilimwuliza neno moja: "Lini?" Akajua ninauliza nini. Akasema, "Nikipata kazi ya maana." Nikamwuliza kazi ya maana ni ipi, mshahara kiasi gani, ili tukiiona tuitambue. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Nitaendaje kwa mzee wako nikamwambia nauza laini?"

Vijana wa kiume, hapo ndipo nawafikia. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikidhani mwenzangu ananichezea. Kumbe alikuwa anaogopa kikombe cha chai kwa baba yangu. Mwanaume wa kwetu amefundishwa kwamba bila kitu mkononi hana mdomo, kwa hiyo hasemi ndiyo, kwa kuwa hana mahari, na hasemi hapana, kwa kuwa anakupenda, anasema tunajipanga. Sheria hiyohiyo ya 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa. Na baba yangu, mwalimu mstaafu, angempokea na mihogo ya kuchemsha na kumwuliza habari za Simba. Lakini hofu haisomi vifungu, na mimi sikuwahi kumwambia baba yangu ni mtu wa namna gani. Na mimi nilikuwa naogopa. Nikiuliza lini, huenda jibu likaja.

Jibu halikuja. Tulidumu miezi mingine mitano, tukiwa na adabu sana. Tukaachana Februari 2013, mwezi mmoja kabla ya ile miaka miwili, na hilo wala hatukulipanga. Ugomvi mkubwa siku ya kugawana haukuhusu mapenzi, ulihusu mtungi wa gesi. Nilikuwa nimenunua mtungi, yeye alikuwa amenunua jiko na mpira wake. Kila mmoja alikuwa na nusu ya moto. Watu wawili wenye digrii, Kimara, saa nne asubuhi, wanabishania mtungi mbele ya mama mwenye nyumba, naye anasema kwa upole kwamba kwao wanandoa wakiachana, wazee ndio huitwa waje kuamua. Nikamjibu sisi si wanandoa. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jua si la manjano.

Baadaye alioa, Mwanza. Kadi ilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu. Nilichanga elfu hamsini. Bei ya chumba chetu, kama mnakumbuka.

Kuna mtu ameandika swali kwenye karatasi, kwamba je, ninawaambia muoane haraka au msikubali kujitolea. Hapana, yote mawili. Nimeajiri vijana wa kujitolea mimi mwenyewe, miezi mitatu, imeandikwa, na nauli inatoka. Nina rafiki wanaoishi na wenzao miaka kumi bila cheti na kila mmoja anajua kiwanja ni cha nani. Na kuna "kwa sasa" iliyo safi kabisa. Jamaa yangu mmoja, mwalimu wa fizikia, aliniambia, "Kwa sasa nauza mitumba Kariakoo hadi Desemba, nikifikisha milioni mbili nachukua pikipiki ya pili." Hakufikisha Desemba, alifikisha Aprili. Lakini nilipomwuliza Januari, alikuwa anajua amebakiza kiasi gani. Mimi katika mwaka wangu wa tatu wa kwa sasa nisingeweza kukuambia nimebakiza nini, kwa sababu sikuwahi kusema naelekea wapi. Ofisini sikuuliza kwa kuogopa kufukuzwa. Nyumbani sikuuliza kwa kuogopa kuachwa. Nilidhani ni mambo mawili tofauti, na niliyafanya kwa mdomo uleule uliofungwa.

Mtauliza, na ukiuliza halafu ukafukuzwa, ukaachwa? Vyote vilinitokea, au karibu na hivyo. Nililala njaa siku kadhaa, nikarudi kwa mjomba, na mjomba kwa mara nyingine akajifanya haelewi. Haikuwa raha na siwezi kuipaka sukari.

Nimalizie na sensa nyingine. Agosti 2022, mimi nina nyumba, nina mume, nina majibu. Karani aliyekuja alikuwa kijana, kishikwambi mkononi, kizibao cha sensa kinampwaya. Aliniuliza maswali kwa dakika kadhaa, nikajibu yote bila kigugumizi, na nakiri nilijisikia fahari ya kipumbavu. Alipomaliza nikampa maji. Nikamwuliza amesoma nini. Maendeleo ya jamii, amemaliza 2019. Na unafanya nini? "Kwa sasa si ndiyo hii sensa, dada."

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe ameshahesabiwa. Akacheka. Amehesabiwa Mbagala, kwa mama yake mdogo, ambako anakaa. Nikauliza: kwenye uhusiano na mkuu wa kaya wameandika nini?

"Ndugu mwingine," akasema, akafunika kishikwambi, akaenda nyumba ya pili.

Mwenyekiti, nimekuona unaangalia saa. Nipo tayari kwa maswali, isipokuwa la nani aliondoka na mtungi.